Tiba ya Mwendo wa Macho: Mwongozo kwa Mkaazi wa Likasi Aliyebeba Kiwewe

Labda ulitoka shimoni ukiwa hai na wenzako wakabaki chini ya udongo. Labda ulikuwa ndani ya basi siku lori lilipokosa breki kwenye barabara ya Lubumbashi. Labda ni jambo la usiku mmoja ambalo hujamwambia mtu hadi leo. Kidonda cha mwili kimefunga, jirani anakuambia "sahau tu", lakini kishindo kikilia mwili wako unarudi siku ile ile.

Mwongozo huu unaeleza tiba iitwayo EMDR, ambayo hutumia mwendo wa macho kusaidia akili kuyeyusha kumbukumbu iliyoganda. Utajua inavyofanya kazi, namna ya kumtafuta mtaalamu ukiwa Likasi, na unachoweza kufanya nyumbani leo. Shika jambo moja kabla ya yote, kwa kuwa kila hatua humu inalitegemea: kujituliza unaweza peke yako, lakini kukifungua kidonda cha moyo kunataka mkono uliofunzwa.

## Kwa nini tukio halipiti

Mambo mengi yanayotupata, akili huyapanga yenyewe. Ugomvi wa sokoni mwaka jana unaukumbuka, lakini haukutoi jasho. Umekuwa hadithi yenye mwanzo na mwisho.

Hatari kubwa huvuruga mpango huo. Mwili unajaa homoni za kukimbia au kupigana, na kumbukumbu inabaki mbichi: picha, harufu, sauti, maumivu ya kifua, pamoja na neno baya ulilojiambia wakati ule, kama "nimekwisha" au "ni kosa langu". Kitu kinachofanana na siku ile kikigusa, kengele ya hatari hulia kana kwamba tukio linatokea sasa hivi. Si buloji, si wazimu, wala si upungufu wa imani.

Likasi inaijua hali hii. Septemba 1961, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville, askari wapatao 150 wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa walizingirwa hapa kwa siku tano hadi wakajisalimisha. Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa katika mapigano hayo. Hata hivyo, wengi walirudi kwao na vita hivyo vifuani, wakaishi navyo miaka mingi, na aibu ya kusalimu amri ikazidisha uzito. Mwaka 1992, familia kwa maelfu zenye asili ya Kasai zilifukuzwa majumbani mwao, zikalala kwenye stesheni ya treni ya Likasi na kwenye shule zikingoja usafiri. Waliokuwa watoto pale stesheni leo ni baba na mama za watu. Julai 2004 mgodi wa Shinkolobwe uliporomoka ukaua wachimbaji. Februari 2019, katika jimbo jirani la Lualaba, lori la asidi lilipata ajali na basi pale Kabwe, na watu wapatao 20 wakapoteza maisha.

Aliyepitia mambo ya namna hii akashindwa kulala si mtu dhaifu. Akili yake imebaki na kazi ambayo haijamalizika.

## Je, ni kiwewe? Jipime

Weka alama kwenye kinachokuhusu:

☐ Tukio linanirudia bila kuitwa: ndotoni, au mchana kama picha inayonivamia.
☐ Ninakwepa njia, watu, sauti au mazungumzo yanayonikumbusha.
☐ Niko macho muda wote. Mlango ukigongwa moyo unaruka. Ninakaa mahali ninapoona mlango.
☐ Hali hii imezidi mwezi mmoja tangu tukio.
☐ Inaharibu kazi, usingizi, ndoa au malezi ya watoto.

Ukiweka alama kwenye zote tano, au karibu zote, nenda ukaonane na mhudumu wa afya. Orodha hii haitoi hukumu ya ugonjwa. Hiyo ni kazi ya mtaalamu.

Kwa mtoto, angalia zaidi mchezo kuliko maneno. Anarudia tukio lile lile katika mchezo, ameanza tena kukojoa kitandani, haachi nguo ya mama, au amenyamaza ghafla.

> KISANDUKU: MWEZI WA KWANZA BAADA YA TUKIO
> Watu wengi hupata nafuu wenyewe wakipewa usalama, chakula, usingizi na watu wao karibu.
> • Usimlazimishe mtu asimulie yaliyotokea. Shirika la Afya Duniani halishauri kikao cha kumsimulisha kila aliyenusurika tukio zima.
> • Usimnunulie diazepamu dukani ili "apumzike". Shirika hilo linaonya dhidi ya kutoa dawa za jamii hiyo kwa ajili ya mshtuko wa mwezi wa kwanza. Kama tayari unazitumia kwa muda mrefu, usiziache ghafla, mwone daktari.
> • Lutuku huleta usingizi wa saa mbili, kisha ndoto mbaya zaidi.
> • Ikiwa mtu amebakwa, afike hospitali kabla ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia VVU, kinga ya mimba na matibabu ya maambukizi mengine. Mambo ya moyo yatafuata.

## Tiba hii ni nini

Ilianzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro. Mwaka 1987 alikuwa akitembea bustanini akagundua kwamba mawazo yaliyomsumbua yalipungua makali macho yake yalipokuwa yakienda huku na huku. Alilifanyia jambo hilo uchunguzi, na mwaka 1989 akachapisha jaribio la kwanza lenye watu 22. Tangu hapo tiba imepimwa mara nyingi, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika mapendekezo yake kwa watu wazima na watoto wenye ugonjwa unaotokana na kiwewe.

Inafanyaje kazi? Fikiria meza ndogo ya mama muuza nyanya. Ukimwambia apange juu yake na samaki pia, nyanya hazitatandazwa zote. Akili nayo ina meza ndogo ya mambo ya sasa hivi. Unapoishika kumbukumbu mbaya huku macho yakifuata mkono unaokwenda kushoto na kulia, kumbukumbu inakosa nafasi ya kutanda. Picha inafifia, makali yanapungua, na ikirudishwa ghalani inarudi nyepesi kuliko ilivyotoka. Hayo ndiyo maelezo yenye ushahidi zaidi. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha uponyaji kinatokana na macho yenyewe na kiasi gani kinatokana na kuikabili kumbukumbu ukiwa salama. Kwamba tiba nzima inasaidia, hilo limeonekana katika majaribio mengi.

Faida yake kwa mtu wa kwetu: hulazimiki kusimulia tukio kwa kina. Mwanamke asiyeweza kutamka aliyotendewa anaweza kutibiwa, akisema tu "naiona ile picha".

Usichanganye tiba hii na usingizi wa kiini macho. Uko macho, unajua ulipo, na unaweza kusimamisha kikao wakati wowote.

## Hatua nane utakazopitia

Kikao huchukua dakika 60 hadi 90. Tukio moja la ukubwani linaweza kuhitaji vikao vichache. Maisha yenye majeraha mengi tangu utotoni yanataka muda mrefu zaidi.

1. Historia. Mtaalamu anauliza maisha yako, afya yako, dawa unazotumia, na kumbukumbu zinazokusumbua. Macho hayaguswi bado.
2. Maandalizi. Anakufundisha kujituliza na kujenga moyoni "mahali pa amani". Mnapatana ishara ya kusimamisha, kwa mfano kuinua mkono. Mtaalamu anayeruka hatua hii, mwache.
3. Kupima. Mnachagua kumbukumbu moja. Unataja picha iliyo mbaya zaidi, neno baya unalojiambia ("ningewaokoa"), neno ambalo ungetamani kuliamini ("nilifanya nilichoweza"), na mahali mwilini panapouma. Unapima uchungu kuanzia 0 hadi 10.
4. Kupunguza makali. Unashika picha moyoni na kufuata vidole vyake kwa macho, kichwa kikiwa kimetulia, kwa nusu dakika hivi. Anasimama, unavuta pumzi, anauliza: "Sasa kuna nini?" Unataja kilichokuja, hata kama ni kitu cha ajabu, kisha mnaendelea. Mnarudia hadi uchungu ushuke kufikia 0 au 1.
5. Kupanda neno jema. Lile neno la hatua ya tatu linaunganishwa na kumbukumbu, hadi ulisikie kuwa kweli.
6. Kuukagua mwili. Unapita mwilini kuanzia kichwani hadi miguuni. Kifua bado kimebana? Mnashughulikia kilichobaki.
7. Kufunga. Kazi iwe imekwisha au haijakwisha, huondoki kabla hujatulia. Hatua hii ndiyo inayokuwezesha kurudi nyumbani kwa miguu yako.
8. Kuangalia tena. Kikao kinachofuata kinaanza kwa kuuliza: ile kumbukumbu iko vipi leo?

Kwa asiyeona vizuri au anayeumwa macho, mtaalamu hugonga mikono polepole, kulia kisha kushoto, au hutumia sauti masikioni.

Tarajia hili: siku mbili tatu baada ya kikao ndoto zinaweza kuongezeka, na kumbukumbu nyingine zikajitokeza. Ziandike, ufanye zoezi la kutuliza, uzipeleke kikaoni. Usipange kikao asubuhi kisha ukashuka shimoni au kuendesha lori mchana.

## Nani asubiri kwanza

Mwambie mtaalamu mapema ikiwa:

☐ una kifafa, au una ujauzito
☐ unasikia sauti wasizosikia wengine
☐ kuna wakati "unapotea", ukizinduka hujui ulifikaje ulipo
☐ una mawazo ya kujiua
☐ unakunywa pombe au kutumia dawa za kulevya kila siku
☐ anayekuumiza bado unaishi naye
☐ una kesi na utatoa ushahidi

Hakuna kati ya haya kinachomaanisha umenyimwa tiba. Mara nyingi kinabadilisha mpangilio tu: usalama kwanza, kidonda baadaye. Hilo la kesi watu hulisahau. Baada ya tiba picha inaweza kufifia, na wakili wa upande wa pili anaweza kuligeuza silaha. Ongea na mwanasheria wako kabla ya kuanza.

## Namna ya kumpata mtaalamu ukiwa Likasi

1. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uwe Kikula, Panda, Shituru au komini ya Likasi yenyewe. Sema waziwazi: "Niliona jambo baya, na tangu siku ile silali, nashtuka, tukio linanirudia." Ukisema "kichwa kinauma" peke yake, utapewa parasetamoli.
2. Omba barua ya rufaa kwenda hospitali kuu ya rufaa ya zoni yako ya afya, na uulize kama yupo mwanasaikolojia au msaidizi wa kisaikolojia, wale wanaoitwa APS.
3. Ikibidi, nenda Lubumbashi, kilomita 120 hivi. Kipo Kituo cha Magonjwa ya Akili cha Dkt. Joseph Guislain, kinachoendeshwa na Mabruda wa Hisani, na ziko kliniki za Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Uliza wanatoa tiba gani ya kiwewe, na nani kati yao amefunzwa EMDR.
4. Piga hesabu ya safari kabla ya kuanza. Nauli ya kikao kimoja si nauli ya tiba. Kidonda kilichofunguliwa kikaachwa nusu kinauma kuliko kilivyokuwa. Uliza kama vikao vinaweza kufanywa siku mbili mfululizo ukalala kwa ndugu.
5. Kikao kwa video kinawezekana kama una chumba cha faragha, intaneti isiyokatika, na mtu mzima wa kuaminika aliye karibu. Umeme wa mtaani kwako ukienda na kurudi, patana na mtaalamu mapema mtafanya nini simu ikikatika katikati.

> KISANDUKU: MASWALI MATANO YA KUMWULIZA
> 1. Taaluma yako ya msingi ni ipi: saikolojia, udaktari, uuguzi?
> 2. EMDR ulifunzwa na nani, kwa saa ngapi? (Huko Marekani kiwango cha mafunzo ya msingi ni saa 50: 20 za masomo, 20 za mazoezi na 10 za kushauriana na mkufunzi.)
> 3. Nani anakusimamia hadi leo?
> 4. Tutafanya nini nikizidiwa katikati ya kikao?
> 5. Kila kikao ni bei gani, na unakadiria vingapi?
>
> Anayekasirika kwa maswali haya amekwisha kukujibu. Anayeahidi kukuponya kwa siku moja, naye amejibu.

Ukikosa EMDR, usikae bure. Ziko tiba nyingine za kiwewe zenye ushahidi, na mojawapo ilipimwa hapa hapa Kongo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, kwa wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Baadhi walipata tiba ya kikundi, ya kuchunguza na kurekebisha mawazo yaliyozaliwa na tukio. Wengine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba, waliokuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 katika kikundi cha tiba, dhidi ya asilimia 42 katika kikundi cha pili. Walioendesha vikao hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia wa huko huko, waliofunzwa na kusimamiwa. Kwa hiyo, APS wa kituo chako aliyefunzwa tiba ya namna hiyo usimdharau kwa sababu hajui mwendo wa macho.

## Unachoweza kufanya nyumbani leo

Mazoezi haya ni ya kutuliza tu. Hayachimbui chochote. Yafanye kwanza ukiwa umetulia, ili siku ya dhoruba mwili uwe unayajua.

A. Kurudi hapa ulipo (kumbukumbu inapovamia)
1. Kanyaga chini kwa miguu yote miwili. Sema kwa sauti: "Leo ni Jumanne. Niko Kikula. Lile limepita."
2. Taja vitu vitano unavyoviona.
3. Gusa vinne: ukuta, nguo, kiti, mkono wako.
4. Sikiliza sauti tatu.
5. Nusa viwili, onja kimoja. Kipande cha tangawizi mfukoni kinasaidia.

B. Pumzi ndefu ya kutoa
1. Vuta kwa puani ukihesabu hadi 4.
2. Toa polepole ukihesabu hadi 6.
3. Rudia kwa dakika tatu. Ukisikia kizunguzungu, acha na upumue kama kawaida.

C. Kumbatio la kipepeo
Lilibuniwa na Lucina Artigas alipokuwa akiwasaidia manusura wa kimbunga Pauline kilichoipiga Acapulco, Mexico, mwaka 1997.
1. Pishanisha mikono kifuani, kila kiganja kikae chini kidogo ya bega la upande wa pili.
2. Fikiria mahali unapopata amani: kivuli cha mwembe, jiko la bibi, kanisani asubuhi.
3. Gonga taratibu, kulia, kushoto, kulia, huku ukipumua polepole. Mara sita hadi kumi na mbili zinatosha.
4. Simama. Amani ikiongezeka, rudia. Tukio baya likijipenyeza, acha mara moja ufanye zoezi A.

## Makosa yanayoumiza watu

• Kujitibu kwa video za simu. Kuna nukta zinazokimbia kwenye skrini zikiahidi kukuponya. Nukta itafungua kidonda, lakini haitakuona ukianza kutetemeka, wala haitakufunga kabla hujalala.
• Kuanza na kumbukumbu kubwa kuliko zote. Mara nyingi mtaalamu mzuri hujenga nguvu zako kwanza.
• Kuacha baada ya kikao cha pili kwa sababu umezidi kulia. Mwambie mtaalamu, apunguze mwendo. Usipotee.
• Kuchagua kati ya maombi na tiba. Omba, na utibiwe. Lakini mahali popote panapomfunga mgonjwa minyororo, kumlazimisha afunge kula au kumpiga ili "pepo atoke", mtoe leo hii. Hayo yanampa kiwewe cha pili.
• Kunyamaza. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

## Kwa mke, mume, mzazi na rafiki

1. Usiulize "ilikuwaje?" Uliza "leo umelalaje?"
2. Usimwamshe kwa kumtikisa akiota vibaya. Mwite jina kutoka mbali kidogo, umwambie uko naye nyumbani.
3. Siku ya kikao, mpunguzie kazi. Mpikie bukari, kaa naye, usidai habari.
4. Usiseme "wenzako waliona mabaya zaidi." Maumivu hayapimwi kwa kilo.

> KISANDUKU: HATARI YA SASA HIVI
> Mtu akisema anataka kufa, mwulize moja kwa moja: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo asilokuwa nalo. Usimwache peke yake hata dakika moja. Ondoa dawa za panya, vidonge, kamba na visu. Mpeleke hospitali usiku huo huo, ukimshika mkono.

## Orodha ya wiki hii

☐ Nimejipima, na nimeandika dalili zangu kwenye karatasi.
☐ Nimechagua zoezi moja na ninalifanya kila jioni.
☐ Nimemwambia mtu mmoja ninayemwamini, si tukio, bali kwamba sina amani.
☐ Nimefika kituo cha afya na karatasi yangu.
☐ Nimeuliza maswali matano kabla ya kulipa franka yoyote.

Tiba ikikamilika, tukio halifutiki. Utapita karibu na shimo lile, au stesheni ile, na utayakumbuka majina ya waliobaki. Machozi yanaweza kuja. Tofauti ni kwamba utayalia ukijua kuwa ni leo, miguu yako iko barabarani, na jioni watoto wanakungoja mle chakula pamoja.